Bendera ya Klabu ya Barafu

9 Novemba

Leo maji yamefunguliwa. Kila mwaka ni hivi: ng'ombe wakishaondolewa kwenye malisho ya klabu, wanachama tunakutana pale na mabuti ya mpira, Baukje anazungusha gurudumu la lango la maji, na mfereji unaanza kumwagika taratibu juu ya nyasi, ili baridi ikija maji yagande tuteleze juu yake. Kwa kweli hakuna cha kutazama. Maji yanatambaa, basi. Lakini kijiji kizima husimama pale na vikombe vya supu ya njegere, kikiyatazama maji kama watu wanaomsubiri bibi harusi atoke ndani.

Baukje ndiye msimamizi wa barafu tangu babu yangu Tjalling afariki. Ana karakana ya baiskeli na ulimi mkali kuliko msumeno wowote humo ndani.

"We mjukuu wa Tjalling," alinambia, "mwaka huu yataganda. Nimeota."

"Na mwaka jana uliota, dada Baukje."

"Mwaka jana niliota vibaya."

Watu wakacheka, lakini kidogo tu. Ni miaka kadhaa sasa barafu haijapata unene wa kumbeba mtu. Kuna watoto wa darasa la pili hawajawahi kusimama juu yake.

Mimi mawazo yangu yalikuwa mjini Utrecht. Kampuni kubwa ya huko inataka kutuchukua mimi na mwenzangu wa kazi Rixt, pamoja na wateja wetu, tuifunge ofisi yetu ya kutengeneza tovuti hapa juu ya duka la mikate. Wanataka jibu mwisho wa Februari, wakati maji haya yatakapokuwa yakitolewa. Rixt ameshajibu moyoni. Mimi bado.

10 Novemba

Mvua.

17 Novemba

Daktari Douwe wa meno anataka tovuti mpya. Nilimuuliza anataka iweje. Akasema iwe kama ya daktari wa kijiji cha pili. Ile ya kijiji cha pili tuliitengeneza sisi, na mwenyewe alitaka iwe kama ya mwenzake wa mjini Leeuwarden. Kwa hiyo yule yule mwanamke wa kwenye picha, mwenye meno meupe, atakuwa anacheka peke yake katika sehemu tatu.

"Mpe anachotaka, bibie," alisema Rixt. "Picha, saa za kazi, namba ya simu. Mchana tumemaliza."

"Halafu tunapata nini?"

"Tunapata kwenda nyumbani mapema."

Rixt si mvivu. Miaka mitano iliyopita tulibeba meza hii wawili kwenye ngazi za mwokaji, yeye akitembea kinyumenyume, akinisomea kwa sauti majina tuliyoweza kuiita kampuni. Hatukukubaliana hata moja. Mlangoni mpaka leo pameandikwa majina yetu tu. Siku zile tulikuwa tukigombana hadi machozi juu ya umbo la kitufe. Sasa hatugombani. Nadhani hicho ndicho kinachonitisha.

Mimi natafuta. Nimechukua masomo mawili ya ubunifu, nimejaribu kutembea alfajiri, nimetundika ubao wa picha nzuri mbele ya macho yangu. Rixt anauita ubao huo madhabahu. "Umeshasali leo?" ananiuliza akileta kahawa. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu hakuna aliyeniambia kwamba hamu ya kazi hutafutwa. Ilikuwepo tu, kama njaa.

1 Desemba

Baukje alipanda ngazi zetu na mikono ya grisi, akakataa kiti.

"Kamati imeamua. Ukurasa wa klabu ubadilishwe."

"Ukurasa una tatizo gani?"

"Mwanangu, kwenye simu theluji inafunika neno. Shemeji yangu juzi kasoma Ndiyo, kabeba viatu vya kutelezea barafu, kafika kakuta bata wanaogelea."

Rixt alicheka hadi akageukia dirishani. Mimi sikucheka, kwa sababu ukurasa ule ndio kitu cha kwanza nilichowahi kutengeneza. Niliutengeneza kwenye meza ya jikoni kwa babu. Yeye alikaa nyuma yangu akimenya tufaha, akanipa vipande kwa ncha ya kisu. Rangi aliichagua mwenyewe: buluu ya mlango wa ghala lake. Chembe za theluji zinaanguka bila kukoma, kuna mlingoti, na chini ya mlingoti swali moja: Barafu iko wazi? Na jibu, Ndiyo au Hapana. Likiwa Ndiyo, bendera inapanda.

Baridi ikikaza, yeye alikwenda malishoni na kekee yake ya kupimia unene, mimi nikakaa karibu na simu ya jikoni. Ikilia, alisema, "Pandisha." Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kijijini kujua. Baadaye, nilipokwisha kuwa mtu wa kulipwa kwa kazi hii, niliongeza kitu kimoja: neno likigeuka Ndiyo, simu za wanachama wote zinalia. Babu alisema hiyo ni kelele, lakini niliona amefurahi.

"Nitautengeneza upya," nilimwambia Baukje.

"Na ile theluji iondoke."

"Itaondoka."

5 Desemba

Mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, nyumbani kwa Rixt. Zawadi na mashairi ya kusutana, bila jina la mtunzi kama desturi. Langu lilikuwa limefungwa kwenye boksi la mshumaa:

Tetsje atafuta moto, kwa taa na kwa vitabu,
Aliyekuwa mtoto, akijenga kwa ajabu,
Leo kazi ni mapato, ya meno na matabibu,
Theluji yake ya ndoto, imebaki kwa mababu.

Nililisoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, na watu wakapiga meza. Rixt alikuwa akimenya chungwa, hanitazami. Kusutwa ni mchezo, lakini mtu hawezi kukusuta hivyo kama hajakutazama kwa muda mrefu.

19 Desemba

Ukurasa mpya wa klabu umefika nusu. Msafi. Unasomeka. Hauna kitu.

26 Desemba

Joto la ajabu. Mbu, Krismasi.

8 Januari

Usiku upepo umegeuka, sasa unavuma baridi kutoka mashariki. Asubuhi madimbwi ya barabarani yalikuwa yamefunikwa na barafu.

9 Januari

Bado inaganda. Watu wamebadilika mwendo. Mwokaji anauza mikate huku anachungulia mfereji juu ya mabega ya wateja. Nimeangalia ukurasa wa zamani: kijiji kizima kinaufungua, wengine kila baada ya dakika chache, na unawajibu Hapana, Hapana, Hapana, na theluji inaanguka.

Bibi Hiske, mke wa marehemu babu, alinipigia. "Unajua lolote?"

"Anayejua ni Baukje, bibi."

"Ah. Zamani nilikuwa naulizia humu humu ndani."

12 Januari

Nataka kuandika kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi ukurasa mpya ulikuwa tayari kwenye kompyuta yangu, hakuna mwingine anayeuona. Kilichobaki kilikuwa kuona kama bendera inapanda vizuri. Sasa, neno lenyewe, lile Ndiyo au Hapana, linakaa kwenye faili dogo nililoliandika nikiwa na miaka kumi na tatu. Ndani yake hamna kitu kingine. Ningeweza kutengeneza jipya kwa dakika moja. Sikuwa na moyo. Nikauunganisha ukurasa mpya na faili lile lile la jikoni kwa babu, nikajiambia ni kuokoa muda. Na leo, ili kujaribu bendera, nikafuta Hapana nikaandika Ndiyo.

Bendera ilipanda. Nilikuwa nimeichora upya, nikaipa mkunjo kidogo kama kitambaa chenye umande, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilitabasamu peke yangu mbele ya kazi yangu. Nikaacha simu mezani, nikashuka kununua mkate.

Mwokaji alikuwa akinikatia mkate simu yake ilipolia juu ya kaunta. Akaitazama. Akaweka kisu chini taratibu, akafungua aproni.

"Barafu iko wazi," alisema, akaenda kugeuza kibao cha mlangoni.

Na mimi nikafurahi. Naandika hili kwa kuwa ni kweli. Kwa muda wa pumzi mbili nilifurahi kama wengine, nikawaza: hatimaye, Baukje kafungua. Kisha nikakumbuka kwamba Baukje hana njia ya kufungua bila kunipigia mimi, na simu yangu iko juu.

Faili la ukurasa mpya lilikuwa ndilo faili la ukurasa wa zamani. Nimeziunganisha kurasa hizo mwenyewe kwa mikono yangu.

Nilipanda ofisini nikarudisha Hapana, lakini Hapana haipigi simu ya mtu. Nikakimbia. Njia nzima nilikuwa nawapita watu. Mchungaji na kanzu yake. Mama anayemfunga mtoto skafu huku anatembea. Wazee wenye viatu vile vya mbao vyenye makali ya chuma na kamba za ngozi, mafuta bado yananuka, maana yake walikuwa wamevipaka kila mwaka bila kuvivaa. Shule ilikuwa imetoa likizo ya barafu. Mwalimu mkuu Wiebren alitangulia mbele ya watoto wote na filimbi mdomoni. Niliwaambia wale niliowapita, "Rudini, ni kosa," na walinitazama kwa huruma, kama mtu anayesema hadharani kwamba harusi imevunjika.

Baukje alikuwa amesimama langoni mikono ameitanua.

"Nani kawaambia?"

Simu zikainuliwa juu, nyingi.

"Wewe umetuambia," alisema mwalimu Wiebren.

"Mimi? Mimi nilikuwa chini ya baiskeli ya mchungaji. Hiyo barafu ni utando wa maziwa, haimbebi hata paka."

"Baukje, mimi barafu naijua tangu sijaota meno," alisema Wiebren, akampita pembeni, akatia mguu, akatia wa pili, akageuka atuonyeshe. Ikalia kama kioo cha kabati na akazama. Malisho yetu hayana kina. Maji yalimfika magotini. Alisimama pale katikati ya nyasi zilizozama, filimbi bado mdomoni, na watoto wakapiga kelele ya furaha ambayo sijaisikia kijijini kwa miaka.

"Haya, mwalimu," alisema Baukje, "meno yameota?"

Ndipo nikasogea mbele nikasema ni mimi. Nilieleza yale ya faili, nikasikia jinsi yanavyosikika kipuuzi. Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Mtoto mmoja akamuuliza mamaye, "Kwa hiyo haipo?" Mama akamwambia, "Haipo," na wakabaki wamesimama, viatu vyao vya barafu mkononi.

Hakuna aliyeondoka. Hilo sikulitegemea. Baukje alisaga meno, akaenda kibandani, akawasha jiko. Chokoleti ya moto ikatoka, mtu akaenda kuleta soseji, wazee wakaanza kusimulia majira ya baridi ya nyuma, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Bibi Hiske alikuwa kwenye benchi. Alikuwa ameshafunga viatu vyake vya barafu, kamba zimekazwa, miguu imenyooshwa juu ya majani makavu.

"Vivue, bibi, utajikata."

"Nimeshafunga. Acha nikae navyo."

Nikakaa naye. Nikamwambia babu angeniaibikia.

"Tjalling? Tjalling alikuwa na magoti mabovu tangu ujana. Hakuwahi kuteleza hata mzunguko mmoja ulipokuwa mtoto. Hukuona?"

Nikafikiri. Kila picha niliyo nayo kichwani, amesimama langoni.

"Alikuwa akishakupigia simu," alisema bibi, "anaegemea lango anatazama barabara. Barafu hata haiangalii tena. Anataka kuona nani atatokea wa kwanza. Akirudi ndiyo hadithi ya jioni nzima: fulani kaja na nguo za kulalia, fulani kaacha duka wazi."

Mimi sikuwahi kuyaona hayo. Nilipokuwa nikimaliza kupandisha bendera, nikavaa, nikakimbia, watu walikuwa wameshajaa. Nilikuwa nafika wa mwisho kila mwaka, na yeye alikuwa amesimama pale pale, akiniambia, "Kazi nzuri." Nilidhani anasema kuhusu ukurasa.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimeiona ile barabara.

13 Januari

Rixt hakukasirika, na hilo ndilo gumu.

"Utrecht kuna mtu ambaye kazi yake ni kukagua tu kabla kitu hakijatoka," alisema. "Mtu mzima, mwenye kiti chake."

"Najua."

"Hapa tuko wawili, Tetsje. Ukichoka wewe, kijiji kizima kinatoka na viatu."

"Walitoka, Rixt. Hukuwaona."

"Ndicho ninachosema."

Tulikuwa tunatumia maneno yale yale, kila mtu na maana yake.

15 Januari

Mvua. Barafu imekwisha. Bata wamerudi.

16 Januari

Mvua.

22 Januari

Nilikwenda kwa Daktari Douwe, nikaomba ruhusa ya kukaa kwenye chumba cha kusubiri asubuhi nzima bila kuumwa. Nilitaka kuona barabara yake. Watu waliingia wakiwa wameshika mashavu. Karibu wote walitazama mlango wa ndani, wakarudisha macho haraka. Mwanamke mwenye meno meupe hakuwepo hata mmoja.

Kisha nikaomba kulala kwenye kiti chenyewe. Juu ya dari, mahali mgonjwa pekee anapoweza kupaona, kuna korongo wa mbao ananing'inia kwa uzi, anazunguka taratibu.

"Kamchonga baba yangu," alisema Douwe, akaona haya. "Ni wa watoto. Lakini wakubwa ndio wanaomuulizia."

"Naomba awe kwenye ukurasa wa kwanza."

"Ndege?"

"Dari. Kama inavyoonekana kutoka hapa."

Akaja akalala yeye kwenye kiti, pengine kwa mara ya kwanza, akatazama juu. Akasema sawa.

Nimefanya kazi hadi nikasahau kula. Jioni nimeushusha ule ubao wa picha. Rixt aliona ukuta mtupu, akaleta kahawa, hakuuliza kama nimesali.

3 Februari

Baridi imeuma tena. Kabla sijafungua macho, Baukje alipiga simu.

"Mjukuu wa Tjalling. Usiguse kitu."

"Sijagusa, dada."

"Hata kipanya."

"Hata kipanya."

Kufika mchana jua likatoka, barafu ikayeyuka. Hakukuwa na kitu cha kugusa.

11 Februari

Rixt alikaa muda mrefu mbele ya korongo wa Douwe kwenye kompyuta yangu.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri kama zile za mwanzo."

"Baki, basi."

Alitikisa kichwa. "Mimi sijachoka na kazi, shoga. Nimechoka kuwa wawili. Nataka watu kumi wa kugombana nao." Halafu, "Wewe huendi, siyo?"

Nilimwambia sijui. Alicheka kwa upole, kwa kuwa ananijua.

Tulikunywa kahawa mpaka ikapoa, tukakumbushana ile meza na zile ngazi, na jina nililoliona baya kuliko yote aliyopendekeza, ambalo siliandiki hapa. Lilikuwa jina zuri. Siku ile sikuwa tayari.

24 Februari

Maji yametolewa. Nyasi zimelala chini, za manjano, zimechanwa upande mmoja kama nywele za mtoto anayepelekwa kanisani. Majira mengine yamepita bila barafu.

Baada ya kufunga lango kulikuwa na mkutano, wote wima. Nilitoa ukurasa mpya mbele yao: unasomeka kwenye simu ndogo kabisa, buluu ni ya mlango wa ghala, na theluji ipo, lakini inaanguka nyuma ya neno, si juu yake. Nikaeleza nilichobadilisha zaidi: neno haligeuki tena kutoka ofisini. Linageuka kutoka hapa tu, langoni, kwa simu ya aliyesimama hapa.

"Na atakayesimama ni nani?" aliuliza mwalimu Wiebren. Alikuwa na mabuti marefu leo.

"Tuanze na lile la Januari," alisema Baukje. "Klabu ina sheria yake. Aliyepandisha bendera ya uongo anapika supu siku ya kufungua maji, kijiji kizima, sufuria ile kubwa. Tjalling mwenyewe aliipika mara mbili."

"Mara tatu," alisema bibi Hiske.

"Mara tatu. Kwa hiyo, mjukuu wa Tjalling. Watu wanasema unahamia Utrecht. Kama unahamia, sema sasa, tumtafute mwingine wa kukoroga. Novemba upo au haupo?"

Walinigeukia wote, na mabuti yao, na pua nyekundu. Nilitazama barabara nyuma yao. Haikuwa na mtu, kwa kuwa wote walikuwa hapa.

"Nipo," nilisema.

"Na bendera?"

"Utapima wewe, nitapandisha mimi. Hapa hapa."

"Njegere ziloweke tangu usiku," alisema Baukje. "Babu yako alikuwa anasahau."

1 Machi

Utrecht wamejibiwa: Rixt ndiyo, mimi hapana. Asubuhi tulishusha kiti chake kwenye ngazi za mwokaji, safari hii mimi nikitembea kinyumenyume. Chini alinikumbatia kwa nguvu, akanambia nisimwajiri mtu mpole.

Ofisi imekuwa kubwa. Nimeisogeza meza dirishani, panapoonekana barabara.

Jioni nilipita dukani nikanunua njegere kavu, gunia dogo. Muuzaji akaniuliza kama nina wageni. Nikamwambia ndiyo, Novemba.